Usimpigie Akiwa Njiani

Novemba, Siku ya Marehemu Wote

Evaline, huna haya. Mvua za tatu hizi zinakuja hujakanyaga kwangu. Unapiga simu unasema, "Bibi, nimekuona kwenye picha, umependeza." Picha haina mgongo wa kusuguliwa. Picha haikwambii kwamba paa linavuja upande wa kitanda chako. Leo nimeenda makaburini kumpalilia mama yenu, nimepalilia peke yangu, mdogo wako alikuwa na abiria. Nikamwambia marehemu: binti yako mzima, anaongea sana, ila haji.

Sasa nimeamua. Shule sikuisogelea, hilo unalijua, lakini herufi alinifundisha katekista Optatus wakati wa kipaimara, na sijazisahau. Nitaandika mvua hizi zote. Siku zitakazonishinda nitaziruka. Simu unaikata ukichoka. Karatasi hutaikata.

Mambo ya huku ni haya. Mdogo wako Yotham sasa ni mtu wa bodaboda. Akikosa abiria wa kurudi naye kutoka Mpanda, anarudi na dumu la petroli amelibana katikati ya magoti. Anaiuza nyumbani, na anachaji simu za watu kwa sola. Na banda kalijenga wapi? Huku bondeni mtandao unashika vizuri sehemu moja tu, pale kwenye nguzo ya zizi la zamani, ndipo watu wote wa mpunga wanapokuja kupigia. Wamepaita Mnarani. Yeye kaweka petroli hapo hapo. Anasema, "Bibi, mteja siendi kumwita, anakuja mwenyewe kutafuta mtandao."

Akili anazo. Ndizo zinazonitia hofu.


Novemba, Jumanne

Mawingu yamekuja, yameondoka. Nimelima kitalu cha mpunga. Yotham ameenda mjini, amerudi.


Jumamosi kabla ya Majilio

Leo nimepanda pikipiki yake kwenda Mpanda. Kabla hatujaondoka nikamwona anaisokomeza simu ndani ya helmeti, kati ya sikio na sponji. Nikadhani anaificha wezi wasiione. Tumefika kwenye mteremko wa kalavati, helmeti ikaanza kulia. Mtoto akaanza kuongea! "Haloo! Nakupata, sema!" Pikipiki inakwenda, mbele ng'ombe wa mfugaji mmoja wanavuka, yeye kalaza shingo upande kama kuku aliyesikia mwewe, maana pale mteremkoni mtandao hukatika na yeye anautafuta kwa kichwa. Nilimpiga ngumi za mgongo. Akashika breki. Pembe ya ng'ombe iko hapa, taa ya pikipiki iko hapa.

"Mke wangu, unanivunja mgongo."

"Bora mgongo. Nani huyo?"

"Evaline. Anauliza kama tumeshapanda."

Mke mwenzangu, nilikusikia unacheka ndani ya helmeti. Sauti ndogo, kama nyuki aliyeingia kwenye kibuyu. 

Kule mjini tuliingia sheli. Ukutani kuna picha ya simu imekatwa kwa mstari mwekundu, na picha ya sigara imekatwa vilevile, kama mtu na ndugu yake. Nikamuuliza binti anayejaza, "Sigara najua. Na simu imekosa nini?"

Akasema, "Mama, mafuta yana mvuke. Huuoni, unatambaa chini kama ukungu. Sisi hatutaki chochote chenye betri kidondoke hapa. Na mtu mwenye simu hatazami anachomimina."

Yotham alizima simu yake pale, kwa adabu zote, kama yuko kanisani. Njiani nikamuuliza, "Mume wangu, petroli ya sheli inasikia simu, ya nyumbani ni kiziwi?"

Akacheka. Mimi sikucheka.


Desemba, Majilio wiki ya pili

Mvua imefika. Imefika na fimbo. Radi imepasua mti upande wa Mwamkulu, tumeuona unatoa moshi kwenye mvua. Nimefunika kioo kwa khanga kama mama yangu alivyofanya, nimechomoa nyaya za sola, nimechukua simu ya Yotham nikaizika kwenye debe la unga.

"Bibi, radi haili simu."

"Basi ishike sikioni usimame nayo juu ya kichuguu."

Hakusimama. Akanywa chai.


Desemba

Mvua. Amerudi.


Desemba

Mvua. Amerudi, tope mpaka kwenye nyusi.


Noeli

Ulisema utakuja Noeli. Tumechinja jogoo, tumemla sisi. Ulipiga simu Yotham akiwa anamshusha mama mwenye mtoto mchanga. Aliitika kabla mama hajatoa mguu. Nimemwona kwa macho yangu. Mama wa watu ananing'inia upande, mtoto mgongoni, na huyu anasema, "Heri ya Noeli na wewe, dada."


Januari, wiki ya Epifania

Nimeona cheche leo, na sina raha.

Nilipeleka uji Mnarani. Banda lile halina dirisha. Ndani kuna pipa, kuna betri ya sola imejaa nyaya za kuchajia kama matumbo ya mbuzi, kuna chupa za petroli kwenye mbao. Yotham anavuta mafuta kwa mpira, na ili aone kiwango kawasha tochi ya simu, kaishika simu kwa meno, kainama juu ya mdomo wa pipa. Kwa meno, Evaline! Hapo hapo mteja mmoja anajibania waya mwenyewe kwenye betri. Waya ukagusa, ukasema tss. Cheche ya buluu, ndogo kama jicho la panya. Mimi niliiona. Wao hawakuiona.

Nje kasimama Malale. Humjui, ni Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake ulipokuwa umeshaondoka, mtu mrefu, akiongea na simu bata wanaamka. Anamfokea kaka yake habari za ndama, kajiegemeza kwenye dumu.

Nikapiga kelele, "Tokeni wote!"

Malale akafunika simu kwa kiganja. "Bibi Pelagia, nini tena? Nyoka?"

"Afadhali nyoka. Nyoka anauma mmoja."

"Sasa ukiogopa petroli, nikikuoa utakaaje kwangu? Mimi nina pikipiki mbili."

"Ng'ombe wako wenyewe wanahama kwa makelele yako. Nije nifanye nini?"

Wakacheka wote, hata Yotham, simu ikiwa bado kwenye meno. Nikaenda jikoni, nikachota majivu, nikachora mstari kuzunguka banda. Nikasema hakuna simu kuvuka hapa, na hakuna kuchaji humu ndani. Yotham akatoka, akanishika bega.

"Bibi, mtandao uko ndani ya mstari wako. Nikiwafukuza, namuuzia nani?"

"Uza ukiwa hai."

"Mbona siku zote haijawaka?"

Hilo ndilo jibu lake. Siku zote haijawaka. Na mimi nikilala naiona ile cheche.


Januari

Mvua imefuta mstari. Nimechora tena.


Januari

Imefuta. Nimechora. Malale ameuruka kwa madaha kama mchezaji ngoma, simu sikioni. Mtu huyu simpendi.


Januari, Alhamisi

Mto umejaa mchana kutwa na Yotham hajarudi. Nilivumilia mpaka uvumilivu ukaisha, nikaenda Mnarani, nikamwambia Nyanzala, mke wa Malale, anipigie. Ikaita. Akapokea.

Nikasikia upepo.

"Bibi? Niko njiani, naendesha, nini?"

"Kata!"

"Eeh? Umeumwa? Sema kwa nguvu!"

"Kata, mtoto! Kata!"

"Bibi, sikusikii, ngoja nisogeze..."

Nikawa nalia kwenye simu ya watu, namwambia akate, naye kwa kunipenda hakati, anauliza tu nimepatwa na nini. Nyanzala akaninyang'anya, akakata yeye. Tukakaa chini wote wawili, tukaitazama barabara.

Amerudi. Nilimpiga, kisha nikampa ugali.


Januari, mwisho wake. Siku tuliyopandikiza jaruba la barabarani

Evaline, hapa usiruke hata mstari.

Ilikuwa alasiri. Mimi na Nyanzala tulikuwa jarubani, maji magotini, tunapandikiza. Nikasikia pikipiki yake. Naijua, inakohoa ikipunguza mwendo. Leo haikukohoa. Nikasikia sauti yake kabla sijamwona: "Haloo! Evaline! Rudia, inakata! Nakusikia nusu nusu!" Nikanyoosha mgongo. Nikaona shingo imelala upande. Nikaona mkono mmoja umeacha usukani umeenda kwenye helmeti. Tairi la mbele likaingia kwenye lile tope jeusi la kalavati, likabaki humo.

Kishindo sikukisikia. Nilisikia "haloo" ambayo haikuisha.

Nimekimbia na miche mkononi, sijui kwa nini sikuitupa. Amelala ubavu. Pikipiki iko juu ya mguu wake, injini bado inanguruma, tairi la nyuma linazunguka hewani. Dumu limepasuka. Petroli iko kwenye suruali, kwenye shati, imefanya kidimbwi mpaka chini ya bomba la moshi, na bomba ni la moto, maji ya tope yanachemka juu yake. Harufu inaziba pumzi. Yotham ananitazama. 

Na simu ilikuwa imechomoka kwenye helmeti, imelala ndani ya kidimbwi, karibu na shavu lake. Ikawaka. Ikaanza kulia. Ilikuwa wewe. Ulidhani mtandao umekata, ukapiga tena.

Watu walikuwa wameshafika kutoka majarubani. Mmoja katoa simu anapiga picha. Mmoja kawasha tochi ya simu anamulika chini ya tanki, anatafuta panapovuja. Mmoja anapiga kuita gari, na miguu yake iko ndani ya mafuta. Wote wanataka kusaidia. Hakuna mwenye roho mbaya pale, na hilo ndilo lililonitisha. Nikapiga ukelele ambao hata msibani sijawahi kuupiga.

"Rudini nyuma na simu zenu! Mnataka kumchoma mjukuu wangu?"

Hawakusogea. Nikaanza kuwachapa na miche ya mpunga, usoni, mikononi, popote. Hapo wakasogea.

Malale akaja kutoka kwenye ng'ombe. Nikategemea makelele. Hakutoa. Alichukua simu yake kutoka kwenye kofia, akamrushia Nyanzala kule mbali, akapiga magoti kwenye yale mafuta. Akauliza taratibu, "Mdogo wangu, swichi iko wapi?" Yotham akaonyesha kwa kidole. Malale akazima injini. Kukawa kimya, ikabaki simu yako peke yake.

Ilitetemeka kwenye petroli, inazunguka kidogo kidogo kama mdudu anayezama. Inawaka, naliona jina lako, inazima. Inawaka. Hakuna aliyethubutu kuigusa, hatujui kuigusa ni kuzima au kuwasha. Nikawa nasema, "Evaline, acha. Evaline mama, acha sasa." Nakuomba wewe uliye Dodoma, na mimi mkononi nina miche tu.

Malale akanyanyua pikipiki peke yake. Mimi na Nyanzala tukamvuta Yotham kwa makwapa mpaka nje ya mafuta, upande upepo unakotokea. Alilia mara moja. Tukamvua nguo zote pale barabarani, tukammwagia maji ndoo kwa ndoo, maana petroli ilikuwa inamla ngozi kama pilipili. Nikamfunga khanga yangu. Mguu ulikuwa umeelekea usikotakiwa kuelekea. Gari lisingeshuka kwenye tope lile. Malale alifunga ng'ombe kwenye mkokoteni, tukampeleka hivyo mpaka barabara kuu, nimempakata kichwa.

Jioni ulipiga simu ya Malale, sijui namba uliipata wapi, ukasema, "Bibi, mbona Yotham kanikatia?" Nilikwambia hapo hapo. Hakukukatia. Alianguka akiwa anakuitikia.

Ulilia. Sikukunyamazisha.


Februari

Niko mjini, hospitali. Mguu umevunjika sehemu mbili, wameufunga hogo jeupe la plasta mpaka pajani. Ngozi ya kiunoni imebabuka. Ameniuliza, "Pikipiki imeungua?" Nikamwambia haikuungua. Akafumba macho. Nadhani alikuwa ameshajiona anaungua.


Februari

Rafiki yake Egide, bodaboda mwenzake, kaja kumwona. Kakaa kwenye kitanda cha mgonjwa bila kuulizwa, anasema, "Bibi, simu haiwezi kuwasha petroli. Ni maneno tu. Si mmeona? Ililia humo humo na haikuwaka."

Nikamwambia, "Inawezekana. Mimi sijasoma na wewe hujasoma. Ila niambie, mguu huu umevunjwa na nini? Na njiwa?"

Simu yake ikalia mfukoni, kaitazama, kalitazama hogo, katoka nje.


Februari

Nimerudi nyumbani kuangalia mpunga. Nimeuliza kwa Malale kama umepiga. Hujapiga.


Februari

Hujapiga.


Jumatano ya Majivu

Nimetoka kanisani na majivu usoni, nimemkuta Malale Mnarani na mkokoteni. Akasema, "Bibi Pelagia, mstari wako unafutwa na mvua kila siku. Tuhamishe pipa lenyewe." Tumehamisha petroli yote mpaka nyuma ya kile kichuguu kikubwa, kwenye upepo, juu ya mawe. Betri na nyaya za kuchaji zimebaki Mnarani. Anayetaka mtandao asimame huku, anayetaka mafuta aende kule, na simu yake aiache kwa Nyanzala.

Tulipokuwa tunabeba, nikamuuliza kwa nini siku ile alirusha simu yake kabla ya kupiga magoti. Akasema kwao alikotoka aliona lori la mafuta limepinduka na watu wamelizunguka na ndoo. Akabeba dumu lingine, akatangulia. Mimi niliyesema simpendi mtu huyu, nimempelekea kuku.


Machi

Yotham yuko nyumbani na magongo. Amekasirika.

"Bibi, umeua biashara. Nani atazunguka kichuguu kwa chupa moja?"

"Mwenye akili."

"Wateja wote wameenda kwa mwingine."

"Waende. Nikupoteze wewe nibaki na wateja?"

Hajasema nami tangu asubuhi. Chakula amekula.


Machi

Mvua kubwa. Yotham hajatoka, ana mguu mbovu, nami nalala usingizi mzito. Mungu anisamehe, ninaufurahia ule mguu.


Machi, wiki ya tatu ya Kwaresima

Evaline, bado kimya. Nilidhani umekasirika. Leo Yotham kaniambia unamtumia ujumbe Egide kuuliza hali, kwake hupigi, unaogopa. Unasema mkono wako hauwezi kulibonyeza jina lake.

Wewe mtoto, nani kakutuma hivyo? Nilikwambia ukweli ili uujue, sikukwambia ili uwe bubu. Anashinda ameketi Mnarani, hogo limenyooshwa kwenye gogo, simu ikilia anashtuka kuangalia, kisha anaiweka chini. Si wewe. Mpigie akiwa ameketi! Mpigie jioni akiwa ameshapaki, ameshakula, mguu uko chini. Hata mwende usiku kucha na vicheko vyenu. Nimemwambia Egide akuandikie hivi hivi. Hatari haikuwa kupiga. Hatari ilikuwa wakati.


Aprili, baada ya Matawi

Hogo limetoka. Mguu umekuwa mwembamba kama wa korongo. Anautazama, anaitazama pikipiki.


Pasaka

Amefufuka. Tumeimba. Umepiga jioni, Yotham alikuwa kwenye mkeka, mkaongea mpaka chaji ikaisha. Nimejifanya nafua nguo.


Mei mwanzoni, mvua zinaisha

Ameanza tena kuendesha. Simu anaifunga kwenye mfuko wa nyuma ya kiti, imezimwa, ananionyesha kila asubuhi kama mtoto anayeonyesha mikono iliyonawa. Dumu magotini hakuna tena. Mafuta yanaletwa na mkokoteni wa Malale. Mimi namwambia vizuri, mume wangu. Lakini akishapita kona ile, mimi najua nini?

Leo nilijificha kwenye mpunga karibu na kalavati, unanifika kifuani sasa. Akaja. Alikohoza pikipiki, akapunguza mwendo. Shingo imenyooka. Nikataka kupiga vigelegele. Kisha nikaona mkono wa kushoto unaacha usukani, unapanda mpaka kwenye helmeti, unagusa pale sikioni, haukuti kitu, unarudi. Yeye mwenyewe nadhani hakujua umeenda.

 Ule mkono bado unatafuta.


Mei, Jumapili

Kuna sista anasafiri kwenda Dodoma. Nampa makaratasi haya akukabidhi mkononi, maana nimesikia kwa Yotham kwamba utakuja wakati wa kuvuna, kwa treni. Haya, safari hii nakuamini. Sasa sikia.

Treni ikifika Mpanda, atakuwa ameshatoka huku kukufuata, au yuko njiani, au amekwama kwenye tope lililobaki. Hutajua yuko wapi. Usimpigie. Usimpigie kusema umefika, usimpigie kuuliza amefika wapi, usimpigie hata kama jua linakuchoma na mizigo imekuelemea na watu wa bajaji wanakusumbua. Akizima simu sawa, asipoizima je? Mkono wake umeuona nilivyouandika, na wewe ukimwita ataitika. Hajui kutokukuitikia. Kaa juu ya begi lako, zima simu yako, mngoje. Akichelewa, mngoje zaidi. Akifika, akishashuka, akishavua helmeti, mtukane hapo hapo stesheni kwa mdomo wako wote, umwambie na mimi nimekutuma.